Kwa nini pikipiki ya zamani inataka tairi la 3.00-18 na dukani unapewa 80/100-18?

Mjomba ana Yamaha ya miaka ya 1980 ambayo haiuzwi wala haiazimwi. Tairi la nyuma lilikuwa limebaki kipara katikati, ubavuni limepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Tukaenda duka la spea na kikaratasi: 3.00-18. Muuzaji akakisoma, akacheka kidogo. "Hii saizi ngumu siku hizi, mzee. Chukua hili, ringi si ileile kumi na nane?" Akatutolea 80/80-18.

Mjomba alishaanza kuhesabu noti. Na tairi lenyewe lingeingia kwenye ringi bila ubishi. Ubishi ungeanza barabarani.

3.00-18 ni lugha ya inchi. 18 ni kipenyo cha ringi, 3.00 ni upana wa tairi. Kimo cha ubavu hakikuandikwa kwa sababu hakukuwa na haja: matairi ya enzi hizo yalikuwa ya mviringo, ubavu ukikaribia kulingana na upana. Yalipokuja matairi mapana yenye ubavu mfupi, upana peke yake haukutosha tena, ikaongezwa namba. 80/100-18 maana yake upana wa milimita 80, ubavu ambao ni asilimia 100 ya huo upana, na ringi ya inchi 18. Ndiyo, ringi ilibakizwa kwenye inchi. Mchanganyiko wa ajabu, lakini ndio tulionao.

Sasa piga hesabu. Inchi tatu ni milimita 76. Tairi la 80/100 lina ubavu wa milimita 80, kwa hiyo hawa ni ndugu wa karibu. Lile la 80/80 lina ubavu wa milimita 64 tu. Ubavu uko juu na chini ya ringi, hivyo gurudumu zima linakuwa fupi kwa milimita 32 kuliko la 80/100. Nyuma ya pikipiki inashuka, usukani unakuwa mzito kukata kona, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Hata stendi ya pembeni inageuka ndefu: ukiegesha, pikipiki inasimama karibu wima, inangoja upepo tu. Kwa mbele nako kuna udanganyifu wake: pikipiki nyingi za zamani zinapima spidi kwenye gurudumu la mbele, kwa hiyo tairi fupi linafanya mshale wa spidi udanganye kwamba unakimbia.

Vijana wao hukosea upande wa pili: wanataka pana, lionekane. Ringi za zamani ni nyembamba, nyingine inchi 1.60, kama milimita 40. Ukilazimisha tairi pana humo, kingo zake zinabanwa, mgongo unachongoka, na sehemu inayogusa lami haiongezeki kama ulivyotarajia. 90/90-18 lina kimo karibu kilekile na hutumika sana badala ya 3.00-18, ila pima kwanza upana wa ringi, kisha nafasi kati ya tairi na cheni.

Pembeni ya saizi kuna kitu kama 47P. Ni msimbo: 47 ni uzito wa juu, kilo 175 kwa tairi moja, P ni mwendo wa juu, kilomita 150 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya kitabu cha pikipiki, hasa nyuma. Mishkaki, yaani abiria wawili au zaidi nyuma ya dereva, haikuwamo kwenye hesabu ya kiwanda.

Halafu umri. Tafuta alama ya DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa rafuni dukani linaweza kuwa na kashata zote, yaani meno yake, na bado likawa limezeeka. Mpira hutiwa nta ya kuukinga na hewa, na nta hiyo hupanda juu tairi linapotembea na kujikunja. Likikaa tu juani mbele ya duka, linakauka. Mimi tairi la miaka sita silichukui, hata kwa punguzo.

Kama ringi ni ya spoki, nunua na tyubu mpya. Tundu za spoki haziwezi kushika upepo, na tyubu ya zamani imeshatanuka, ukiirudisha inajikunja ndani.

Mjomba alipata 80/100-18 duka la tatu. Fundi alikuwa karibu kulifunga kinyume, mjomba akamwonyesha mshale wa mzunguko ubavuni, likageuzwa. Wakazungusha gurudumu mkononi, kidole kikipita vizuri kati ya mpira na cheni. Siku mbili za kwanza aliendesha kama amebeba mayai, maana tairi jipya huwa na ngozi laini inayoteleza mpaka lami iikwangue.