Azimuthi na ndugu zake

Sisi wapima ardhi hatuendi popote bila azimuthi: pembe inayohesabiwa kuanzia kaskazini, kwa kufuata mwendo wa saa, toka digrii 0 hadi 360. Fundi wa dishi la setilaiti naye anaihitaji. Hata kibla ni azimuthi. Ukiwa Dar es Salaam ni takriban digrii 1, karibu kaskazini kabisa. Waingereza wa kawaida hawalitumii neno hili, na si ajabu, maana asili yake ni Kiarabu.

Samt ni njia au upande. Wingi wake ni sumut. Ukitanguliza al, ile l humezwa na s, ukatamka as-sumut. Mswahili hana haja ya kufundishwa hili. Tunasema alfajiri na alasiri, l ikisikika vizuri, lakini saa sita mchana ikifika tunasema adhuhuri. L imemezwa vilevile. Neno likaingia Ulaya kupitia tafsiri za Kilatini za vitabu vya falaki, nyingi zikifanyiwa Hispania katika karne ya 12, likiwa na al yake iliyokwisha kumezwa. Mshairi Mwingereza Chaucer alipomwandikia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka 10, maelezo ya astrolabu, chombo cha kale cha kupimia nyota, mnamo 1391, tayari lilikuwa neno la Kiingereza.

Zenithi, ile nukta ya mbinguni iliyo juu ya utosi wako, ni samt hiyo hiyo katika umoja: samt ar-ras, njia ya kichwa. M yake je? Imepotea mikononi mwa wanakili. Katika mwandiko wa Kilatini wa zama zile, m ilikuwa vijiti vitatu vilivyosimama, na “ni” nayo vijiti vitatu, kwa kuwa i mara nyingi haikutiwa nukta. Cemt, yaani samt kwa tahajia ya Kilatini, ikasomeka cenit, na mpaka leo wanafalaki dunia nzima wanalitamka kosa la kalamu kwa heshima zote.

Kinyume chake ni nadiri, nukta iliyo chini ya nyayo. Hapa Mswahili ndiye mwepesi kuteleza, kwa kudhani ina undugu na nadra. Hapana. Imetoka kwenye nadhir as-samt, kinachoikabili samt, na dh yake ni ile ile ya nadhari na mandhari. Nadra ina d ya kawaida, ya ukoo mwingine kabisa.