Mambo Tunayoamua Kutoyapima Nayo Yaandikwe

Ninapopewa mpango wa majaribio ya programu ili niupitie, sianzii kwenye ratiba wala orodha ya vifaa, bali natafuta kwanza sehemu inayotaja mambo ambayo timu imeamua kutoyapima. Kiwango cha IEEE 829, mwongozo wa hati za majaribio ya programu kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1983, kiliipa sehemu hiyo nafasi yake yenyewe, lakini katika mipango mingi ninayoisoma huachwa tupu au hujazwa neno «hakuna», jambo ambalo haliwezi kuwa kweli, kwa kuwa hakuna timu yenye muda wa kupima kila kitu.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5, katika safari yake ya kwanza, iliacha njia yake na kulipuka sekunde 40 hivi baada ya kuanza safari. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo, iliyorithiwa kutoka roketi iliyotangulia, Ariane 4, ilikuwa imejaribu kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, na thamani yake ikawa kubwa mno kutoshea. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba vigeu saba (thamani zinazobadilika ndani ya programu) vilikabiliwa na hatari hiyo. Vinne viliwekewa kinga na vitatu vikaachwa, kwa hoja kwamba thamani zake zisingefika mbali kiasi hicho. Kwa Ariane 4 hoja hiyo ilisimama, ila haikuandikwa ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ambako watu wa mradi mpya wangeikuta, na kifaa chenyewe hakikupimwa kwa data za njia ya Ariane 5.

Ndiyo maana nadai kila jambo lililoachwa liandikwe pamoja na sababu yake, aliyeliidhinisha na, muhimu kuliko yote, hali itakayolazimu uamuzi huo ufikiriwe upya: «Hatupimi majina yanayozidi herufi 100 kwa sababu fomu inayazuia, tufikiri upya iwapo majina yataanza kuingizwa kwa njia nyingine.»

Umakini huo huo unahitajika katika yale tunayoyapima. Ikiwa nywila inatakiwa kuwa na herufi 8 hadi 64, tunapima 7, 8, 64 na 65, kwa maana makosa hupenda kukaa mipakani. Matokeo yanayotarajiwa yaandikwe kabla ya jaribio, tena kwa undani: «mfumo ukatae nywila ya herufi 7, utaje kiwango cha chini, na usifute jina lililokwisha kujazwa». Kuandika «mfumo ufanye kazi vizuri» ni kumwachia mpimaji aamue baada ya kuona matokeo, wakati ambapo karibu kila kitu huonekana sawa.

Hati zenyewe napendelea zikae pamoja na msimbo, zipitiwe katika mabadiliko yale yale, ili anayeondoa kizuizi cha fomu aikute sentensi inayokitegemea kabla kazi yake haijapokelewa.