Kwa nini asetilini ni asidi kuliko ethilini na ethani

Ethani, ethilini na asetilini zote zina kaboni mbili na haidrojeni tu, lakini pKa zake (kipimo cha uasidi: kikiwa kidogo, asidi ni kali zaidi) zinakaribia 50, 44 na 25. Kila namba moja ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo pengo kati ya ethilini na asetilini ni kubwa mno.

Wanafunzi wengi hujibu kwamba bondi ya C–H ya asetilini ni dhaifu. Sivyo, ndiyo imara kuliko zote tatu: kama kJ 556 kwa moli, dhidi ya 423 za ethani. Kinachoamua ni utulivu wa anayoni (ioni yenye chaji hasi) inayobaki protoni ikishaondoka. Obitali (eneo la elektroni) ya s hukaa karibu na kiini kuliko ya p, na kaboni huzichanganya hizo mbili kuwa mseto. Katika mseto wa sp3 wa ethani sehemu ya s ni asilimia 25, katika sp2 wa ethilini ni 33, na katika sp wa asetilini ni 50. Jozi ya elektroni iliyoachwa kwenye kaboni ya sp hushikwa barabara na kiini.

Hata hivyo maji, yenye pKa 15.7, bado ni asidi zaidi. Ndiyo maana hidroksidi ya sodiamu haifai kuing'oa protoni hiyo. Hutumika amidi ya sodiamu, besi kali zaidi, ndani ya amonia kimiminika, kwenye nyuzi −33 hivi. Vyombo viwe vikavu kabisa, maana unyevu ukiingia, amidi humalizana na maji kwanza.

Mseto si kila kitu: saiklopentadaini, pete ya kaboni tano, hutoa protoni kwenye kaboni ya sp3, lakini pKa yake ni kama 16, kwa sababu anayoni yake ni ya aromatiki, yaani pete ambayo elektroni zake huenea kote na kuipa utulivu wa ziada.

Maabarani, butaini-1, yenye bondi tatu mwishoni mwa mnyororo, ikikutana na nitrati ya fedha yenye amonia hutoa mashapo meupe ya asetilidi, yaani chumvi ambamo metali imechukua nafasi ya haidrojeni hiyo. Butaini-2, yenye bondi hiyo katikati, haitoi, kwani kaboni zake za sp hazina haidrojeni. Tumia matone machache tu, na usiyaache mashapo yakauke, kwani yakikauka hulipuka kwa kuguswa. Yaharibu yangali mabichi kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Shaba nayo hutengeneza asetilidi ya aina hiyo, tena kimyakimya ndani ya mabomba. Fundi wa kuchomelea asiunge mpira wa asetilini kwa kipande cha bomba la shaba. Atumie kiungio kilichotengenezwa kwa ajili ya gesi hiyo.