Jiwe la Bismarck halikupangwa na mizimu

Ukishuka kivuko cha Kamanga jijini Mwanza kusubiri pantoni, hukosi mtu wa kukuambia kwamba mawe yale yaliyobebana ziwani, Jiwe la Bismarck, yalipangwa na mizimu, ndiyo maana usiku husikika vilio.

Sivyo. Ni matale, mwamba uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kabla dunia haijawa na mnyama hata mmoja. Ulipasuka, maji yakapenya kwenye nyufa na kuozesha kingo, udongo ukasombwa. Sehemu ngumu zikabaki zimekaliana. Jina tu ndilo la Wajerumani.

Na vilio? Pimbi! Wamejaa kisiwa cha Saanane, jirani hapo, na usiku wa mbalamwezi hupiga ukelele wa kutisha kweli. Wapelekeeni watoto tochi wakawatazame.