Jina lako likitafutwa Google, anatokea nani?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi wa Pwani tumelelewa na neno hili, na nimeliona likiwafungia watu milango ya riziki. Kwa miaka 11 kazi yangu hapa Mombasa imekuwa kuzitafutia kampuni wafanyakazi, nyingi zikiwa za kuklia mizigo (kuikamilishia taratibu za forodha ili itoke bandarini), za usafirishaji na hoteli. Kila wiki nakutana na mtu hodari ambaye sifa zake haziendi mbali zaidi ya ofisi anayofanyia kazi. Ukimuuliza mbona haonyeshi kazi yake mtandaoni, atakujibu kwamba yeye si mtu wa kujitembeza. Namwelewa. Lakini hata hicho kizuri kinachojiuza huwa kimetandazwa pale anapopita mnunuzi, na siku hizi anayetafuta ujuzi anapita kwenye simu. Mimi mwenyewe, kabla sijampigia mtu kumwita kwenye usaili, huliandika jina lake Google.

Basi tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mji huu una akina Fatma Salim wangapi? Na akina Mohamed Ali? Tena mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu: kwenye kitambulisho ni Swaleh, kwenye cheti cha KCSE ni Saleh, na Facebook ni jina la utani lenye picha ya mchezaji mpira. Anayekutafuta hawezi kujua kwamba wote watatu ni wewe. Mwaka 2015 nilikosa kandarasi ya kufundisha kwa sababu hiyo hiyo. Kampuni iliyotaka kunipa kazi iliandika jina langu ikamkuta mwanamke mwingine anayeuza nguo, ikaamua kwamba nimewadanganya kuhusu kazi yangu. Iliniuma sana, kwa sababu vyeti na barua za miaka yote vilikuwepo, ila vilikuwa kwenye faili, kabatini, nyumbani Tudor.

Chagua tahajia moja, ile ya kitambulisho. Kama majina yako mawili yamejaa mjini, ongeza la babu. Kisha andika hivyo hivyo kwenye LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na waajiri, kwenye barua pepe na kwenye CV. Anwani ya ukurasa wako wa LinkedIn nayo inabadilishwa: ondoa zile herufi na tarakimu zinazofuata jina, libaki jina. Ni kazi ya dakika tano, na sijui kwa nini watu huiahirisha miaka.

Baada ya jina kuna ule mstari wa chini yake. LinkedIn inakupa herufi 220 hapo, na mwajiri huzisoma kabla hajafungua kitu kingine chochote. Kijana mmoja wa Changamwe, karani katika ofisi ya kuklia mizigo, alinijia mstari wake ukisema: "Mchapakazi, mwaminifu, natafuta fursa." Si uongo. Lakini maneno hayo angeweza kuyaandika mlinzi, mwalimu au daktari. Sijawahi kumuona mwajiri akitafuta mtu kwa neno "mwaminifu". Anaandika kazi, mji na kitu anachotaka kifanywe. Tulikaa nusu saa tukifuta na kuandika, na tukaishia hapa: "Karani wa forodha, bandari ya Mombasa. Natayarisha nyaraka za mitambo na vipuri: mizigo ya humu nchini na ya transiti kwenda Uganda na Rwanda." Nafasi ilibaki, tukaiacha.

Halafu akasema lile ambalo wote husema: "Dada, mimi sina cha kuandika." Nikamwomba afungue WhatsApp anionyeshe maswali aliyojibu wiki ile. Palikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika mbili aliomtumia mteja, na alipoucheza nilijua tumepata. Mteja ameagiza vipuri vya pampu za maji, lakini invoisi imeandikwa "pampu" tu. Kijana anamweleza, bila haraka, kwamba pampu za vimiminika na vipuri vyake viko chini ya namba moja ya ushuru, 8413, ila vipuri vina kijisehemu chao, 8413.91. Tarakimu 6 za mwanzo za namba ya HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ni zile zile kwa nchi zinazoufuata mfumo huo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2 zikawa 8. Karatasi zikisema pampu na ndani ya kontena mkiwa na vipuri, entri (tamko la mzigo kwa forodha) inahojiwa, mzigo unakaa, na storeji na demareji, yaani ada za mzigo kukaa bandarini na za kuchelewesha kontena, zinaendelea kuhesabiwa siku kwa siku. Akamalizia kwa kumwambia mteja amuombe muuzaji aandike kila kipuri kwa jina lake kabla meli haijaondoka.

Huo ndio ujuzi wenyewe! Tuliugeuza ukawa sentensi nane, hakuna hata moja ya kujisifu, akauweka Alhamisi asubuhi. Walioupenda hawakufika 30. Mmoja wao alikuwa meneja wa kampuni ya malori, akamuuliza swali la mzigo wake, wakaandikiana siku tatu, na kutoka hapo akaitwa kwenye usaili. Kwa hiyo nawasihi msihesabu waliopenda. Angalieni ni nani.

Aliniuliza pia kama aandike Kiingereza au Kiswahili. Andika lugha anayoisoma yule unayetaka akuone. Wateja wake wa Kampala na Kigali anawaandikia Kiingereza, na wafanyabiashara wa hapa, wengi wanaoagiza mzigo kwa mara ya kwanza, anawaandikia Kiswahili. Hayo ya Kiswahili ndiyo yanayosambazwa zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp, na mimi nayafurahia zaidi, maana elimu ya forodha kwa lugha yetu ni adimu.

Kuna jambo moja nililomkataza kabisa. Alitaka kuweka picha ya kontena na invoisi ya mteja kama ushahidi. Kontena lina herufi 4 na tarakimu 7 zilizoandikwa ubavuni, na mwenye namba hizo anaweza kulifuatilia kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Invoisi ina jina la mteja, simu na bei aliyonunulia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, siri ya mteja ni amana uliyopewa. Simulia kosa na namna lilivyorekebishwa, na mteja mwenyewe usimtaje. Na ukishamaliza hayo rudi nyuma ukasome ulichoandika wakati wa kampeni za 2017 na 2022. Nimewahi kumwacha mtu kwa matusi ya kabila ambayo hata hakukumbuka kuyaandika.

LinkedIn si ya kila mtu. Fundi wa AC wa Bamburi hana haja nayo, ila anahitaji kuonekana kwenye ramani ya Google, na kujiandikisha huko ni bure, akiwa na picha za kazi zake na maoni ya wateja. Mpishi na mpambaji wa hina, Instagram inawatosha.

Kilichobaki ni watu wengine wakusemee, na hapa ndipo adabu yetu inapotusaidia. Usimwombe bosi wa zamani "pendekezo" hivi hivi, kwa sababu atakuandikia kwamba wewe ni mchapakazi. Mkumbushe siku moja. Yule kijana alimwandikia mzee aliyemfundisha kazi: "Assalaam aleikum mzee wangu, shikamoo. Natumai mko salama nyumbani. Nakumbuka ule mzigo wa transiti uliokwama kwa uzani kutolingana, ukaniachia mimi nikaushughulikia hadi ukatoka. Ukipata nafasi, naomba uniandikie mistari miwili LinkedIn kuhusu siku ile." Mzee hakuwa na akaunti. Alimwita mjukuu wake amfungulie, na jioni ile ile akaandika mistari minne.