Darubini ya Kwanza kwa Mtazamaji wa Anga wa Malindi: Dhana Potofu na Ukweli

Neno darubini lilitujia kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni chenye kuona mbali, na nadhani maana hiyo imechangia kutupoteza. Mtu wa Malindi anayetaka kuanza kuitazama anga ya usiku huuliza jambo moja tu: darubini hii inavuta mara ngapi? Wauzaji wanalijua swali hilo, ndiyo maana boksi huandikwa namba kubwa kabla ya maelezo mengine yoyote.

Dhana: Inayovuta zaidi ndiyo bora.

Mpwa wangu alinunua darubini ya lenzi ambayo boksi lake lilijigamba kuvuta mara 525. Tuliitega uani, akauelekeza mwezi, na baada ya dakika chache akaniita: "Mjomba, mbona mwezi unatetemeka kama uko ndani ya ndoo ya maji?" Namba ile haikuwa ya uongo, bali haikuwa na faida. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye lenzi hadi mahali miali inapokutana) wa lenzi ya mbele kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, yaani ile unayochungulia. Darubini yake ilikuwa na milimita 700, na lenzi ndogo ya jicho ilikuwa ya milimita 4, kwa hiyo tayari alikuwa akivuta mara 175. Kisha akaongeza kile kipande cha kuzidisha mara tatu kilichomo boksini, na hivyo 525 ikatimia.

Ukweli ni kwamba kila milimita ya kipenyo cha lenzi ya mbele inastahimili ukuzaji wa takriban mara mbili tu. Kwa lenzi yake ya milimita 70, kikomo ni kama mara 140, tena katika usiku ambao hewa imetulia. Nilitoa vipande vyote viwili, nikaweka lenzi ya jicho ya milimita 20, yaani mara 35, na mwezi ukatulia ukiwa na mashimo yake yote. Galileo alipoiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610, chombo chake kilivuta takriban mara 20.

Zaidi ya hayo, kila unapoongeza ukuzaji, kipande cha anga unachokiona kinapungua. Kilimia, kundi lile la nyota ambalo wahenga walisema likizama kwa jua huzuka kwa mvua, hukaa vizuri ndani ya duara la mara 35. Ukivuta mara 140 utabaki na nyota moja au mbili, na hutajua kwamba ni Kilimia.

Kinachostahili kuulizwa kwanza, basi, ni kipenyo, kwa sababu kazi kubwa ya darubini ni kukusanya mwanga, na mwanga huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Lenzi ya milimita 90 hukusanya zaidi ya mara mbili ya mwanga unaokusanywa na ile ya milimita 60, ingawa kwa macho ya dukani zinakaribiana. Kwa anayeanza, milimita 70 hadi 90 zinatosha kabisa.

Dhana: Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo stendi ya ikweta ndiyo yetu.

Hili ni kosa la kusikitisha zaidi, kwani linatokana na jina tu. Stendi ya ikweta ina mhimili mmoja unaopaswa kuwa sambamba na mhimili wa dunia, ili nyota ifuatwe kwa kuzungusha kitasa kimoja. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na maana yake ni kwamba mhimili huo lazima ulazwe karibu sawa na ardhi, ukielekea kusini. Stendi nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Haziwezi kulala kiasi hicho, na zikilazimishwa, uzito wa kusawazisha hugonga miguu. Kisha utailenga kwa alama gani? Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wetu, na ile iliyo karibu na ncha ya kusini ni hafifu mno, nayo haipandi juu ya ukungu wa upeoni.

Stendi inayofaa hapa ni ile sahili inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia. Ina udhia wake: sayari zetu mara nyingi hupita karibu na utosi, ambako bomba refu huanza kugusana na miguu, na shingo yako haitakusamehe usipokuwa na kioo cha kupinda mwanga kwa nyuzi 90. (Kioo hicho hugeuza kushoto kuwa kulia, darubini haijaharibika.) Lakini iwe imara. Ukiigonga kwa kidole na picha ikaendelea kutikisika kwa muda mrefu, pepo za kusi zitakunyima kila kitu.

Dhana: Bomba fupi na bomba refu ni sawa, kipenyo kikilingana.

Kioo cha lenzi hupinda mwanga wa samawati zaidi kuliko mwekundu, na lenzi ya kawaida ya vioo viwili hupunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Katika lenzi ya milimita 80 yenye urefu wa fokasi wa 400, Zuhura huvaa pindo la zambarau. Katika yenye 900, pindo hilo hufifia sana. Mpenda mwezi na sayari achague refu, na anayetaka Kilimia na mkanda wa Njia ya Maziwa atafurahia fupi.

Dhana: Nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, zitaonekana kwa rangi zake.

Hapana. Zitaonekana kama moshi wa kijivu, kwa kuwa jicho halilimbikizi mwanga kama kamera.

Dhana: Kichujio kidogo cha lenzi ya jicho kinatosha kulitazama jua.

Kitupe. Joto hukusanyika hapo hapo kilipo, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho likapofuka. Kichujio salama hufunika lenzi ya mbele yote, na ni vyema kukitafuta mapema kabla ya tarehe 2 Agosti 2027, jua litakapopatwa kwa sehemu hapa kwetu.

Dhana: Darubini ya lenzi haihitaji matunzo.

Ni kweli kwamba lenzi zake hazihitaji kurekebishwa mara kwa mara kama vioo vya darubini za aina nyingine. Lakini hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na kuvu huota ndani ya lenzi na kula mpako wake, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Ihifadhi ikiwa imekauka, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Na ukinunua iliyokwisha kutumika hapa pwani, imulike kwa tochi kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache hata kama bei ni ya kutupa.