Ufyonzwaji wa limfu: maji ya dialisisi yanayopotelea tumboni

Mama mmoja wa Ujiji, ambaye mwanawe husafishwa damu kwa njia ya tumbo (dialisisi), hutundika kila mfuko wa maji yaliyotoka kwenye mizani ya ndoano, mfano wa ile ya wauza samaki. Yameingia lita 2, yametoka lita 2 na mililita 200. "Daktari anasema dawa inavuta maji mwilini. Ndiyo haya tu?"

Si haya tu. Maji ya dialisisi, ndiyo hiyo dawa, yana sukari iitwayo glukosi, na glukosi huvuta maji kutoka kwenye mishipa midogo ya damu kupitia utando wa tumbo. Tuseme kwa saa 4 imevuta mililita 500. Wakati huohuo tumbo linayanywa maji yaleyale: kiasi cha mililita 1 hadi 1.5 kwa dakika, yaani kama 300 kwa saa hizo 4. Ukitoa 300 kwenye 500, zinabaki 200 za yule mama.

Sehemu ya maji hayo huchukuliwa na mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye damu, na huo ndio ufyonzwaji wa limfu hasa. Mlango wake mkubwa uko chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Una vitundu vidogo mno. Mtu akitoa pumzi, kiwambo hulegea na vitundu hufunguka. Akivuta pumzi, maji hubanwa na kusukumwa juu, mpaka yanamwagwa kwenye mishipa ya damu karibu na shingo. Kwa hiyo kupumua kwenyewe ni pampu.

Sisi wa Kigoma tuna mfano wetu. Mto Malagarasi unaoingia ziwani huku kwetu tunauona. Lukuga, mto pekee unaotoka Ziwa Tanganyika, uko ng'ambo, Kongo. Na hata huo hautoi maji mengi kama yanayopotea kwa jua. Tumboni ni vivyo hivyo: limfu ni Lukuga, na maji mengi zaidi husukumwa na shinikizo yakaingia kwenye nyama za ukuta wa tumbo. Vitabu vingine hujumlisha njia zote mbili na kuziita limfu, jambo linalochanganya watu bure.

Hasara si ya maji peke yake. Limfu haichuji, hubeba maji pamoja na kila kilichomo, hata protini na uchafu ambao dawa ilikwisha kuutoa kwenye damu. Ndiyo maana wanaougua uvimbe usioisha hupunguziwa wakati mwingine muda wa maji kukaa tumboni, na kiasi kikubwa kupita kiasi huepukwa, kwa sababu shinikizo likipanda, ufyonzwaji nao hupanda. Hayo ni ya daktari kupanga.

Ila mizani ikishuka ghafla siku moja, limfu isilaumiwe kwanza. Tazama mpira unaopitisha maji tumboni kama umejikunja, na muulize mgonjwa alienda choo lini mara ya mwisho: utumbo uliojaa kinyesi kigumu huubana mpira, na maji yakabaki ndani.